Lesoni ya 8: Barua Isiyotanguka

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Esta 3:8–15, Esta 8:3–17, 1 Samweli 21:1–9, 1 Samweli 22:6–23, Yeremia 36, 2 Samweli 12:1–14, Zaburi 56:8, Mathayo 12:33–37.

Fungu la Kukariri: Mathayo 12:36, 37.

Tarehe 20 Desemba 2013, mwanamke mmoja aliyefanya kazi ya uhusiano na vyombo vya habari katika kampuni ya New York alikuwa uwanja wa ndege wa London, akisubiri ndege ya kwenda Cape Town. Kabla ya kupanda aliandika kwenye Twitter mzaha mfupi kuhusu Afrika, UKIMWI na rangi ya ngozi. Wafuasi wake walikuwa kama 170 tu. Akapanda ndege, na kwa muda wa saa 11 hivi hakuwa na habari ya kilichokuwa kikiendelea duniani. Kabla ndege haijatua, watu wa mabara mbalimbali walikuwa wameusoma mzaha ule na kuungojea kwa hasira mwisho wa safari yake. Mtu mmoja alikuwa amekwenda uwanja wa ndege wa Cape Town ili ampige picha. Ujumbe ukafutwa, akaunti ikafutwa, kazi ikapotea. Akaomba radhi hadharani. Miaka zaidi ya kumi imepita, na maneno yale bado yanapatikana kwa yeyote mwenye simu na bando.

Wafuasi 170 si wengi. Makundi mengi ya WhatsApp ya makanisa yetu yana watu zaidi ya hao.

Lesoni nyingi zimekwisha kufundisha juu ya kuuzuia ulimi kabla haujanena, na fundisho hilo halijachakaa. Juma hili tunakwenda hatua moja mbele, mahali ambapo wengi wameshafika wakiwa peke yao na aibu yao: neno limekwisha kutoka, mwenye neno ametubu kwa kweli, lakini neno halirudi. Afanye nini? Na ndugu zake waliolipokea wafanye nini nalo?

JUMAPILI

Matarishi wa Mfalme

Soma Esta 3:8–15 na Esta 8:3–14. Linganisha namna barua ya kwanza ilivyopelekwa na namna ya pili ilivyopelekwa. Ni nini kinachofanana? Ni nini kisichowezekana kufanyika, hata kwa mfalme?

Hamani hakuhitaji jeshi ili kuwaangamiza Wayahudi. Alihitaji waandishi, muhuri na matarishi. Siku ya 13 ya mwezi wa kwanza barua ikaandikwa kwa kila jimbo kwa mwandiko wake na kwa kila watu kwa lugha yao, ikatiwa muhuri wa pete ya mfalme, ikaenda. Majimbo yalikuwa 127, kutoka Bara Hindi mpaka Kushi. Angalia jinsi sura ya 3 inavyomalizika: matarishi wanatoka mbio, mfalme na Hamani wanaketi kunywa, na mji wa Shushani unafadhaika. Waliotuma wamestarehe, waliopokea hawajui la kufanya. Picha hiyo haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kutuma kitu usiku, akaweka simu pembeni na kulala, akaamka asubuhi na kukuta nyumba ya mtu mwingine inawaka.

Baadaye Hamani alikwisha kufa. Mfalme alikwisha kugeuka moyo. Malkia alianguka miguuni pake akilia, akaomba barua zile zibatilishwe. Jibu la mfalme katika Esta 8:8 ni la ajabu: andiko lililoandikwa kwa jina la mfalme na kutiwa muhuri wake halitanguki. Yeye mwenyewe, aliyeitoa pete, hakuweza kuirudisha barua. Alichoweza ni kuruhusu iandikwe barua nyingine.

Miezi miwili na siku 10 zilikuwa zimepita. Barua ya pili ikaandikwa kwa majimbo yale yale, kwa lugha zile zile, ikapewa wapanda farasi wenye mbio. Iliokoa watu. Lakini haikuifuta ya kwanza. Siku ya 13 ya mwezi wa Adari ilifika kama ilivyopangwa, na sura ya 9 inataja waliouawa siku hizo: 500 katika Shushani ngomeni, na 75,000 majimboni. Damu hiyo ilimwagika wakati aliyeitunga barua ameshatundikwa, na aliyeiidhinisha ameshajuta.

Inafaa kusema neno juu ya matarishi wenyewe. Biblia haiwalaumu, walikuwa watumishi wa barabara. Lakini bila wao barua ya Hamani ingebaki karatasi ndani ya Shushani. Leo kazi yao inafanywa na kidole gumba, na anayeifanya hana mfalme wa kumsingizia. Tangu Januari 2019 WhatsApp imewawekea watumiaji wake duniani kote kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukabanwa kwenda sehemu moja tu kwa mara. Hata mwenye farasi ameona haja ya hatamu.

Soma Mithali 26:20. Katika mambo yaliyosambaa kanisani kwenu mwaka huu, wewe ulikuwa mwandishi, tarishi, au mahali ambapo kuni ziliishia?

JUMATATU

Ukweli wa Doegi

Mtu akionywa juu ya kitu alichosambaza, jibu la kwanza huwa ni hili: "Lakini si ni kweli?"

Soma 1 Samweli 21:1–9, kisha 1 Samweli 22:9–19. Je, Doegi alisema uongo? Ni jambo gani alilokuwa na nafasi ya kulisema, asiliseme?

Doegi Mwedomi alikuwapo Nobu siku Daudi alipofika mwenye njaa na bila silaha. Aliona mikate ikitolewa, akaona upanga wa Goliathi ukitolewa. Sauli alipolalamika kwamba hakuna anayemwambia jambo, Doegi akasema alichokiona. Kila kitu kilikuwa kweli. Ila aliacha sehemu moja: Ahimeleki alimpa Daudi chakula kwa sababu aliambiwa kwamba Daudi yuko katika kazi ya mfalme. Kuhani hakujua kuna uadui. Maneno ya Doegi yalikuwa kama picha iliyokatwa pembeni. Siku hiyo walikufa makuhani 85, kisha mji mzima wa Nobu, wanawake na watoto wanyonyao, hata ng'ombe na punda. Kichwa cha Zaburi ya 52 kinauhusisha wimbo huo na tukio hili, na mtu anayelaumiwa humo ana ulimi uliolinganishwa na wembe mkali.

Jambo hili linagusa desturi njema kabisa ya makanisa. Dada amelazwa. Mtu anapiga picha kitandani, anaandika jina lake kamili, wodi, ugonjwa, na ombi la maombi kwa wote. Nia ni upendo. Lakini mgonjwa hakuulizwa. Kundi lina watu 200, wengine wametoka nje ya kanisa, wengine wanafanya kazi na mume wake, na mmoja ni shangazi wa mwenye nyumba. Kufikia Jumatatu ugonjwa ambao alikuwa hajawaambia watoto wake unajulikana sokoni. Aliyeomba maombi hakusema uongo hata neno moja. (Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019, habari za afya zimo katika yale yanayolindwa. Ni vibaya serikali ikilitangulia kanisa katika kusitiri.)

Hali ni hiyo hiyo kwa kijana aliyewekwa chini ya karipio. Mambo ya Baraza la Kanisa yanapovuja na kuandikwa kwenye kundi, hukumu iliyokusudiwa kumponya inakuwa tangazo lisilo na mwisho. Kusanyiko linaweza kupiga kura ya kumrudisha ushirikani. Hakuna kura inayozirudisha zile simu 200.

Soma Mathayo 18:15. Kwa nini Yesu alitaka hatua ya kwanza iwe kati ya watu wawili tu? Ombi la maombi linaweza kuandikwaje ili Mungu aelewe na jirani asijue?

JUMANNE

Kisu cha Yehoyakimu

Soma Yeremia 36:20–32. Mfalme alitaka nini alipokata na kuchoma?

Yehudi alisoma kurasa tatu au nne. Mfalme akakata kwa kisu cha mwandishi na kutupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Makaa yalikuwa mbele yake, mkono haukutetemeka. Baruku akaandika upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Gombo lile lilikuwa neno la Mungu, na hatuwezi kulilinganisha na upuuzi wetu. Lakini kosa la mfalme linatufaa: alidhani kuondoa karatasi ni kuondoa jambo.

Kufuta ni vema, na mtu aliyeweka jambo baya alifute upesi, kwa kuwa kila saa linalobaki ni macho mengine. Asitegemee zaidi ya hapo. Ujumbe ukifutwa kwenye WhatsApp kwa wote, mahali pake hubaki alama ya kuonyesha kwamba umefutwa, na alama hiyo huamsha hamu ya kujua kilichokuwamo. Aliyepiga skrinshoti anacho. Aliyepakua picha anayo kwenye simu yake. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwanyima nafasi wanafunzi wasiopungua 10 kilichokuwa kimekwisha kuwapokea, kwa ajili ya mizaha waliyotumiana katika kundi la faragha la Facebook. Walidhani chumba kile kina mlango.

Mtu mmoja wa Hispania alikwenda mbali kuliko wengi. Mwaka 1998 gazeti lilikuwa limechapa tangazo la mnada wa mali yake kwa sababu ya deni. Deni likamalizika, tangazo halikumalizika: kila aliyetafuta jina lake Google alilikuta. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikamkubalia kwamba kiungo kiondolewe kwenye matokeo ya kutafuta jina lake. Ukurasa wa gazeti wenyewe ulibaki. Na kwa kuwa kesi ilikuwa ya kwanza ya aina yake, deni lile sasa linatajwa katika vitabu vya sheria dunia nzima.

JUMATANO

Vitabu Viwili

Soma 2 Samweli 12:1–14. Nathani alitangaza mambo mawili kwa wakati mmoja. Ni yapi?

Daudi alikiri kwa maneno machache sana, na jibu likaja bila kukawia: Bwana ameiondoa dhambi, hatakufa. Hakukuwa na kipindi cha majaribio. Kisha, katika aya inayofuata, Nathani akamweleza kwamba kwa tendo hilo amewapa adui za Bwana nafasi ya kukufuru. Msamaha ulikuwa kamili, na habari ilikuwa imekwisha kutoka nje. Vizazi vingi baadaye Mathayo, akiandika ukoo wa Masihi, anamtaja mama wa Sulemani kwa njia ya Uria (Mathayo 1:6). Jambo lile limesomwa katika kila lugha yenye Biblia.

Wako waliotubu ambao wanakosa amani kwa sababu wanachanganya mambo haya mawili. Wanaona maneno yao ya zamani yakizunguka, wanasema, "Mungu hajanisamehe." Wengine wanakosea upande wa pili: wamesamehewa, kwa hiyo wanakasirika mtu anapoumia bado.

Waadventista wamefundishwa tangu utoto juu ya vitabu vya mbinguni: Danieli 7:10, Malaki 3:16, Ufunuo 20:12. Pengine wengi wetu tuliogopa tukisikia kwamba kila neno linaandikwa. Lakini weka kitabu hicho kando ya kile cha mtandaoni, uone ni kipi cha kuogofya. Skrinshoti inanasa dhambi na haiwezi kunasa toba. Haijui kilichotangulia wala kilichofuata. Haina tarehe ya kubadilika kwa moyo. Anayeihifadhi hana wajibu wa kumpenda aliyemo ndani yake. Kitabu cha Mungu kinaandika neno lisilo maana, ndiyo. Lakini soma Zaburi 56:8: machozi nayo yameandikwa. Na mbele ya kitabu hicho amesimama Wakili (1 Yohana 2:1), Kuhani Mkuu anayehudumu kwa damu yake mwenyewe, ili mwisho wa uchunguzi dhambi zifutwe (Matendo 3:19, Isaya 43:25). Mbinguni kufuta ni kufuta. Hakuna malaika aliyebaki na nakala.

Duniani ni tofauti, na hapo ndipo kanisa linapoonyesha linafuata kitabu kipi. Mwamini akikaa na skrinshoti ya ndugu aliyetubu, akiitunza kwa ajili ya siku itakayohitajika, anatunza kile ambacho Kristo anaomba kifutwe.

Soma Mika 7:18, 19. Katika simu yako kuna kitu gani juu ya mtu ambacho Mungu amekwisha kukitupa vilindini?

ALHAMISI

Barua ya Pili

Soma Hesabu 5:5–7 na Luka 19:8. Kwa nini kuungama kunafuatwa na kulipa?

Turudi Shushani. Barua ya pili haikuishia kwa mfalme kusema moyoni kwamba amejuta. Ilipita barabara zile zile, ikafika majimbo yale yale, ikasomwa kwa lugha zile zile. Hicho ndicho kipimo. Aliyemchafua mtu mbele ya kundi la watu 200 kisha akamwomba radhi inbox, ametuma barua ya pili kwa nyumba moja na kuacha majimbo 127 na ile ya kwanza. Aseme pale pale aliposema. Aseme waziwazi kwamba alichoandika hakikuwa kweli, bila "kama kuna aliyekwazika", maana maneno hayo huhamisha kosa kutoka kwa mwandishi kwenda kwa msomaji. Awaombe waliopeleka mbele wapeleke na marekebisho. Hayatawafikia wote. Barua ya pili nayo haikuzuia kila upanga.

Lakini kuna habari ambazo barua ya pili ingeziumiza zaidi. Ikiwa kilichotolewa ni siri ya kweli, ugonjwa, mimba, picha ya aibu, basi kuandika tena ili kuomba radhi ni kuwakumbusha waliosahau na kuwajulisha waliokuwa hawajui. Hapo mkosaji hana haki ya kuchagua dawa. Aende kwa aliyeumizwa, amuulize anataka nini, na akubali ikiwa jibu ni kukaa kimya. Na ikiwa jambo limegusa sheria (Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018), asilitumie neno "tusameheane" kumzuia aliyeumizwa kwenda polisi.

Na kama hakuna kinachoweza kurudishwa? Soma 1 Samweli 22:20–23. Abiathari alitoroka peke yake, akaleta habari ya mauaji ya jamaa yake yote. Daudi hakuwa amemsaliti mtu. Doegi ndiye aliyesema na Doegi ndiye aliyeua. Hata hivyo Daudi hakujificha nyuma ya Doegi. Alikiri kwamba siku ile alimwona pale, alijua atasema, na kwamba yeye ndiye sababu ya kifo cha nyumba ile. Kisha akamwambia Abiathari akae pamoja naye, asiogope, kwa kuwa anayemtafuta mmoja anamtafuta na mwingine. Wafu hawakufufuka. Daudi alichokuwa nacho ni kinga yake na meza yake, akavitoa, na Abiathari akaishi karibu naye miaka yote iliyofuata.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Esta 8 na 9 kwa mfululizo, pamoja na sura inayohusu siku za Malkia Esta katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme. Angalia hasa Esta 8:15–17: mji ule ule uliofadhaika kwa barua ya kwanza unapiga kelele za furaha kwa ya pili, na watu wengi wa nchi wanajiunga na watu wa Mungu. Wasomaji hawakusahau barua ya kwanza. Waliona kwamba mtu fulani mwenye mamlaka alijishughulisha kuwafikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Kamati ya Uteuzi inapendekeza jina la kijana kuwa kiongozi wa vijana. Mjumbe mmoja anatoa simu na kuonyesha alichoandika kijana huyo miaka 6 iliyopita, kabla ya kubatizwa. Kamati ifanye nini na skrinshoti hiyo? Je, jibu lingebadilika kama aliandika baada ya kubatizwa? Kama aliyetukanwa bado yuko kanisani?

2. Mzazi anaweka kila siku picha za mtoto wake: akioga, akilia, akichapwa, akiwa mgonjwa. Mtoto huyo atakuwa na miaka 20 siku moja. Nani alitia muhuri kwa niaba yake?

3. Yule mwanamke wa mwaka 2013 aliandika jambo baya juu ya Waafrika, na Waafrika walikuwa na haki ya kuumia. Je, Mkristo wa Afrika aliyejiunga na umati uliomngoja uwanja wa ndege alikuwa anatetea haki, au alikuwa anapanda farasi wa mfalme? Mpaka uko wapi?

4. Kundi lenu la WhatsApp lina kanuni gani juu ya habari za wagonjwa, waliofiwa, na walio chini ya karipio? Kama hakuna, nani azitunge, na aliyeumizwa na yaliyokwisha kuandikwa humo ataulizwa na nani?